Vipimo vya Mjomba

Wewe umeshalipapasa jiwe hilo, usikatae. Umeingia nyumba ya mtu, ukapelekwa jikoni kuonyeshwa mambo mapya, ukapitisha kiganja juu ya kaunta nyeupe, baridi, laini, haina hata doa, ukasema, "Hongera, jamani." Na siku ulipokwenda yadi kuchagua la kwako, ulisikia mashine zikilia nyuma ya ukuta. Ulimwona mtu akipita mlangoni, mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, mweupe hadi kope, na hakuzaliwa hivyo. Ulimtupia jicho mara moja, kisha ukarudi kwenye sampuli zako na kuuliza kama kuna nyeupe inayozidi hiyo. Ulijua. Mtu hageuzi uso haraka namna ile kwa jambo asilolijua. Basi leo kaa usikie habari za yadi moja, na usiinuke katikati.

Yadi yenyewe ilikuwa na ofisi mbele na banda nyuma. Ofisini kulikuwa na zulia, kiyoyozi na rafu za sampuli zilizopangwa kama vitabu. Bandani kulikuwa na mafundi watano, misumeno mitatu ya umeme, na pipa la maji ambalo mpira wake ulipasuka zamani na hakuna aliyeubadilisha. Kati ya dunia hizo mbili palikuwa na dirisha la kioo. Karani wa yadi alilifuta kila asubuhi, na kufika saa nne ungeweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Karani alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwandiko wake mzuri kuliko wa daktari yeyote. Kando ya simu yake palikuwa na msumari mrefu uliopigiliwa ukutani, na hapo ndipo alipochomeka vikaratasi vya vipimo. Pale yadini neno "vipimo" lilikuwa na maana moja tu: urefu wa kaunta, upana wake, tundu la sinki likae wapi, tundu la bomba liwe na unene gani. Mteja akipiga simu kusema vipimo viko tayari, Karani huandika, huchomeka, na fundi akipata nafasi huenda kuvichukua. Kazi ilikwenda hivyo miaka saba.

Fundi mkuu wa banda alikuwa mjomba wake. Wateja walicheka kila waliposikia, maana mjomba huyo alikuwa na miaka thelathini na mitano. Alikuwa kitinda mimba wa bibi yake Karani, mtoto aliyekuja wakati hakuna aliyemtarajia, Karani mwenyewe akiwa na miaka sita na pengo la meno ya mbele. Karani alimbeba mgongoni, akamfuta kamasi, akamfinya alipomwaga uji, na bado alipaswa kumwamkia.

"Shikamoo, Mjomba," alimwambia kila asubuhi.

"Marahaba, mpwa wangu. Umekua, mashallah!" alijibu yule, kwa sauti nzito ya kujitia uzee, na banda zima likaangua kicheko. Mwishowe kila mtu akamwita Mjomba, hata wanaomzidi umri. Na aliyemtafutia kazi pale hakuwa mwingine ila Karani.

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Maana Karani alikuwa na ugonjwa wa kukumbuka, mahali ambapo wenzake wote walikuwa na afya njema ya kusahau.

Alimkumbuka Fundi Mrefu, aliyeweza kubeba bamba la jiwe na mwenzake mmoja tu. Kwanza alianza kusimama katikati ya ngazi kujifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Alimkumbuka Baba Pacha, aliyepewa dawa za kifua kikuu miezi minane, akazimaliza zote, na makohozi yake yakapimwa mara tatu bila kuonekana mdudu yeyote. Walisema amerogwa na shemeji yake. Alimkumbuka na Mpole, ambaye hakuwahi kuvuta sigara hata ya kujaribu, na msibani kwake watu wakanong'ona kwamba lazima alikuwa akivuta kwa siri. Miaka thelathini na minane. Mkewe alimwogesha akiwa mwepesi kama mwanasesere wa matambara.

Wote watatu walikata jiwe jeupe, na wote watatu wamezikwa. Kabla ya hilo yadi ilikata marumaru na graniti, na watu walikohoa, lakini walizeeka. Kisha likaja jiwe la kiwandani: mchanga wa kioo uliosagwa, ukachanganywa na gundi na rangi, ukashindiliwa mpaka ukawa bamba. Sehemu tisa kati ya kumi ni mchanga huo. Ukilikata kwa maji linatoa tope. Ukilikata kavu linatoa unga mwepesi kuliko wowote wa jikoni, na ule mbaya zaidi huuoni kabisa. Kiwanda kinajua. Mwenye yadi anajua, maana karatasi ya onyo huja imebandikwa kwenye kila kreti, na yeye ndiye huibandua.

Mwenye yadi huyo walimwita Leo-Leo, kwa sababu hakuwahi kutaka jambo lolote kesho.

Basi asubuhi moja aliingia Mwalimu Mkuu. Mama mstaarabu, miwani kwenye mnyororo, sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha ukumbi bila kuinua mkono. Kaunta yake ndefu ilikuwa imefungwa wiki iliyopita. Sasa alitaka jiwe la meza ya katikati.

"Nipe lile lile jeupe," alisema.

Nyuma ya ukuta Mjomba alikohoa. Karani alijikuta anahesabu, kama alivyokuwa akihesabu kwa wiki mbili sasa. Tano, sita, saba.

"Mwalimu, hebu tazama na hii kwanza." Akamtolea kipande cha graniti ya kijivu.

"Ina madoadoa."

"Madoadoa ndiyo yanayoficha uchafu."

"Mimi sifichi uchafu, binti yangu. Nausafisha."

"Na hii marumaru? Ona mishipa yake ilivyotulia."

"Nikimwagia ndimu je?"

"Itabaki alama," Karani alikiri.

"Sasa unaniuzia au unanifukuza?" Mwalimu Mkuu alicheka, akavua miwani. "Au mbao? Maana naona umebakiza kunishauri nipikie chini."

"Mbao nzuri, Mwalimu. Mbao ni nzuri sana," alisema Karani, na sauti ikamtoka ya mtu anayeomba.

Leo-Leo alikuwa ameshasimama nyuma yake. Alikuwa na kipaji cha kutokea mahali bila kufungua mlango. "Karani wetu leo ameamka na utani," alisema, na meno yote nje. "Mwalimu, jeupe ndilo jiko. Lile refu limekaaje?"

"Limekaa vizuri, ila bomba. Nimenunua bomba jipya, shingo yake nene, haipiti kwenye tundu. Na nalitaka lisogee pembeni kidogo, karibu na dirisha."

"Leo leo! Mjomba yuko hapa, anakuja sasa hivi kukutobolea."

"Ila maji yasitumike, tafadhali. Makabati yangu mapya, yakilowa yanavimba."

"Kavukavu, Mwalimu. Hata tone."

"Mzee yupo nyumbani, atamfungulia. Na mwambie afunge madirisha yote ya jikoni na azibe mlango. Vumbi lile la wiki iliyopita! Limeingia mpaka kwenye mapazia ya sebuleni."

Karani aliposikia "kavukavu" aliinuka. Alipita mlango wa banda bila kuaga. Mjomba alikuwa anapakia mashine ya kukatia ndani ya pikapu, barakoa ya kitambaa imening'inia shingoni kama bibu la kukinga udenda wa mtoto.

"Mjomba, usiende."

"Nimetumwa."

"Unakohoa."

"Nani asiyekohoa hapa? Hata hii pikapu inakohoa. Sikiliza." Akawasha gari, nalo likakohoa kweli, na mafundi wanne waliokuwa kwenye misumeno wakacheka. Mjomba alicheka pia, kisha akashika mlango wa gari kwa mikono miwili akingoja pumzi irudi. Ilichukua muda. Karani aliona mishipa ya shingo imesimama.

"Nenda ukapimwe," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Nitakupigia magoti hapa hapa mbele ya watu."

"Usinitie aibu, mpwa." Mjomba aliangalia kama Leo-Leo yuko karibu, akamsogelea. "Nimeshapimwa."

"Lini?"

"Ile siku niliyosema nakwenda msibani. Hakukuwa na msiba. Nilikwenda hospitali ya wilaya. Wakanipiga picha ya kifua, wakanipulizisha kwenye mrija mpaka nikaona nyota. Yule daktari akasema picha lazima isomwe na mkubwa wake. Majibu yakiwa mabaya watapiga simu, yakiwa mazuri nisijisumbue."

"Simu gani? Yako si ilikuwa imetumbukia kwenye pipa?"

"Ndiyo maana nikawapa ya ofisini. Wamepiga? Hawajapiga. Karibu miezi mitatu sasa. Basi niko safi kama sahani." Alipanda garini. "Tangu siku hiyo napiga kazi bila wasiwasi hata chembe. Wewe ndiye utakufa kwa presha, nikuzike mimi."

Akaondoka. Karani alibaki amesimama kwenye moshi wa gari. Amepimwa. Wangepiga. Alirudi ofisini karibu anaimba.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameweka vipande viwili vyeupe sambamba. "Hiki kina umaziwa kidogo, na hiki ni karatasi kabisa. Nadhani karatasi." Kisha akafungua mkoba. "Na nisisahau. Vipimo vyangu viko tayari hivi hapa, mume wangu kaniandikia."

Karani alikipokea kikaratasi, akanyanyua mkono kukichomeka kwenye msumari. Mkono ukakwama hewani.

Vipimo viko tayari.

Aliangalia msumari. Ulikuwa umejaa, vikaratasi vya juu vyeupe, vya chini vimegeuka rangi ya chai. Alivivuta vyote kwa pamoja, na msumari ukamkwaruza kidole, na hakuhisi. Alianza kufungua kimoja kimoja. Jiko la daktari wa meno. Jiko la mkandarasi. Kaunta ya saluni. Bwana harusi. Vipande vilianguka kwenye zulia, Mwalimu Mkuu akasema, "Kulikoni, binti?" na Karani akaendelea kufungua. Alikuwa anaomba kimoyomoyo kisiwepo, kisiwepo, kisiwepo.

Kilikuwepo. Mwandiko wake mwenyewe, mzuri, umelalia kulia, na tarehe juu yake. Wiki kumi na moja. *Mjomba. Vipimo vyake viko tayari. Aje mwenyewe. Asikawie.* Na namba ya simu.

Akaikumbuka siku ile. Mbele yake walikuwa wateja watatu, Leo-Leo anamhimiza, na mwanamke kwenye simu anaongea haraka kama mtu mwenye orodha ndefu. Alimtaja Mjomba kwa jina lake kamili la kwenye cheti, jina ambalo hakuna aliyelitumia pale, akauliza kama anafanya kazi hapo. Anafanya. Mwambieni vipimo vyake viko tayari. Karani aliandika, akachomeka. Hata alimwita kupitia dirishani: "Mjomba, una vipimo vya kuchukua!" Naye, sikio moja kwenye msumeno: "Vya jiko gani?" "Hawakusema!" "Basi wakiwa na shida watapiga tena!"

Mjomba alikuwa anangoja majibu. Vipimo, kwake na kwa Karani, vilikuwa jiko la mtu.

Aliipiga ile namba. Vidole vilikosea mara mbili. Iliita muda mrefu, kisha mwanamke akapokea, sauti ile ile. Karani alitaja jina la kwenye cheti.

"Huyo!" yule muuguzi alisema. "Dada, tumemtafuta mtu huyu. Tulipiga mara ya pili, tukaambiwa na mwanamume kwamba fundi yuko kazini asisumbuliwe."

Karani aliinua macho. Leo-Leo alikuwa anamsifia Mwalimu Mkuu jiwe la rangi ya karatasi.

"Ana nini?"

"Majibu yake siwezi kukupa kwa simu. Nakuuliza tu, anafanya kazi gani?"

"Anakata mawe."

"Sasa hivi anakata?"

"Ndiyo."

"Mtoe huko," alisema muuguzi. "Usingoje jioni. Mtoe huko, umlete."

Hakuna aliyewahi kumwona Karani akimshika mteja mkono. Alimshika Mwalimu Mkuu mkono akasema, "Una gari. Twende kwako sasa hivi," na yule mama aliyezoea kuamuru akajikuta anaamrishwa. Nyuma yao Leo-Leo aliita, "Karani! Simu ataipokea nani?" Alimwacha aipokee mwenyewe, kama alivyoipokea ile ya pili ya hospitali.

Garini alimpigia Mjomba mara tisa. Ililia ikakatika. Mwalimu Mkuu aliendesha kama alivyoishi, kwa utaratibu, akisimama kwenye kila alama na kuangalia kulia, kushoto, kulia tena.

"Mwalimu, kanyaga mafuta."

"Lakini si vumbi tu? Wiki iliyopita walikaa mle ndani mchana kutwa. Niliwapa maji ya kunywa, walikuwa wazima, wanataniana."

"Ulikuwa wapi walipokuwa wanakata?"

"Nje, bustanini. Ndani kulikuwa hakukaliki."

Alipoyasema hayo, aliyasikia mwenyewe. Karani aliona vidole vyake vikibana usukani. Gari likaongeza mwendo, likapita alama moja bila kusimama.

Mlio wa mashine waliusikia tangu getini, ule mlio wa juu unaoingia mpaka kwenye fizi. Mume wake Mwalimu alikuwa kibarazani na gazeti, pamba masikioni. Ndani, mlango wa jikoni ulikuwa umezibwa kwa nailoni, umebandikwa selotepu pande zote nne, kazi safi, kazi ya fundi anayejali mapazia ya watu. Nyuma ya nailoni palikuwa na weupe tu. Hakuonekana mtu, wala kabati, wala dirisha. Weupe ulikuwa unazunguka taratibu.

"Mjomba!" Karani alipiga nailoni kwa ngumi. "Mjomba!" Mashine iliimeza sauti yake. "Swichi kuu iko wapi?"

"Nyuma ya mlango wa stoo," alisema Mwalimu Mkuu, na akakimbia mwenyewe kuizima.

Nyumba ikanyamaza yote kwa mpigo. Friji likaacha kuguruma. Na kutoka ndani ya ule weupe wakasikia kitu ambacho mashine ilikuwa imekificha: mtu anavuta hewa, inakataa, anavuta tena.

Karani alijifunika uso kwa mtandio, akapasua nailoni, akaingia. Alikanyaga sakafu laini kama aliyekanyaga majivu. Mjomba aligeuka kumtazama. Uso hakuwa nao. Alikuwa na macho mawili mekundu na mdomo.

"Umenizimia mashine?"

"Toka nje."

"Una wazimu? Nimebakiza robo ya duara. Kidole kimoja tu, mpwa. Nikiacha hapa, jiwe litapasuka kwenye pembe, nililipe mimi."

"Walipiga simu, Mjomba."

Hakuelewa. Au alielewa, akakimbilia kwenye lile jiwe kama mtu anayekimbilia chumba chenye komeo. "Washa umeme," alisema. "Namaliza, halafu tutaongea."

Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni. Mkono wake mmoja ulikuwa bado na funguo za gari. Karani alimwona akitazama jiwe lake, duara la penseli, ufa mwembamba wa msumeno uliokwenda robo tatu. Na akaona mdomo wake ukianza kufunguka kusema kile ambacho watu husema. Kimebaki kidogo tu.

Basi Karani alipanda juu ya kaunta. Na viatu vyake. Alijikalisha juu ya lile duara, sketi nyeusi juu ya jiwe jeupe, akashika kingo kwa mikono miwili, miguu inaning'inia.

"Haya," alisema. "Nikate mimi kwanza."

Mjomba alimtazama. Mpwa wake, mama mzima, mwenye watoto sekondari, amekaa juu ya kaunta ya watu kama kuku aliyeatamia. Kicheko kilimponyoka. Kilianza vizuri, kicheko chake kile kile cha bandani, kisha kikageuka katikati. Kikawa kikohozi, na kikohozi hakikukoma. Alishika sinki. Akainama. Akapiga goti moja, kisha la pili, na mgongo wake ukawa unapanda na kushuka bila sauti, maana hewa ya kutoa sauti haikuwepo. Mikono yake ilitafuta kitu chini sakafuni, ikachora michirizi kwenye vumbi. Midomo, pale mate yalipoosha weupe, ilikuwa ya rangi ya samawati.

Karani alishuka. Hakumbuki alivyoshuka. Alimshika kwapa huku, na upande wa pili akakuta mkono mwingine: Mwalimu Mkuu, magoti kwenye unga, blauzi nzuri imechafuka, analia kwa hasira, sijui anamkasirikia nani. Walimburuta wawili hao hadi nje, wakamwegemeza kwenye shina la mti wa uani. Ilichukua dakika nyingi mno kabla hajasema neno. Neno lenyewe lilikuwa, "Mashine... isiibiwe."

Hospitalini, walikofikishwa na gari la Mwalimu Mkuu, daktari aliweka picha kwenye taa. Hakuhitaji kueleza, hata Karani, aliyesomea uhazili, aliona. Palipotakiwa kuwa na giza safi palikuwa na punje, mamia ya punje nyeupe, zimetawanyika pande zote mbili, na juu zimeanza kushikana.

"Ni makovu," alisema daktari. "Vumbi la jiwe lile likifika mle halitoki. Mwili unalizungushia kovu, na kovu halivuti hewa. Dawa ya kuyafuta sina, wala hakuna aliye nayo. Ninachoweza ni kukwambia usiongeze hata siku moja."

"Picha hii ya lini?" Mjomba aliuliza.

"Ile uliyopiga mara ya kwanza. Ilisomwa wiki kumi na moja zilizopita. Leo tutapiga nyingine."

"Na hizo wiki kumi na moja nilizokata baada ya hapo?"

Daktari alizima taa ya picha. "Tutaona leo," alisema, na hakumtazama.

Kwenye benchi la korido, wakingoja, Karani alimwambia. Hakujipamba. Alimweleza karatasi, msumari, mwandiko, wateja watatu. Alimwambia pia kwamba walipiga mara ya pili, na aliyepokea hakuwa yeye. Alikuwa anaogopa zaidi ya alivyoogopa jikoni, maana jikoni angeweza kupanda juu ya kitu akakaa.

Mjomba alikuwa ameoshwa uso, na bila ule unga alionekana amezeeka, kama utani wake wote wa asubuhi ulikuwa umetimia.

"Wangapi pale yadini wanajua?" aliuliza.

"Mimi, wewe na Leo-Leo."

"Wale wanne bandani?"

"Hawajui."

"Hawajapimwa, mpwa. Niliwashawishi twende wote siku ile, wakaogopa wasije wakafukuzwa. Nikarudi nikawaambia mimi nimepimwa, kimya, basi niko mzima. Wakafurahi. Wakasema kama Mjomba mwenye miaka saba kwenye jiwe ni mzima, sisi wa miaka mitatu tuna nini?" Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Ukimya wangu ndio uliowatuliza. Nenda."

"Nikuache hapa?"

"Mimi nimeshafika. Nenda kawaambie. Waambie na ya karatasi, usifiche, hata kama watakutukana."

Akaenda. Mwalimu Mkuu alimpeleka, na safari hii hakusimama kwenye alama yoyote. Saa tisa na nusu mchana Karani aliingia bandani kwa mlango wa nyuma, akasimama katikati ya misumeno mitatu. Alipiga kelele mpaka koo likakwaruza. Aliwaambia yote. Aliinua kile kikaratasi, akawasomea mwandiko wake.

Mafundi wawili walizima mashine zao papo hapo. Mmoja wao alikaa chini pale alipokuwa, akaanza kujipapasa kifua, kama mtu anayetafuta funguo. Wa tatu alimtukana Karani tusi la mama, akalia. Wa nne, mdogo kuliko wote, ambaye mkewe amejifungua juzi, alimtazama Leo-Leo aliyekuwa ametokea mlangoni mikono mfukoni, akamtazama Karani, akainamisha kichwa, akaendelea kukata. Jiwe jeupe. Kavu. Meza ya katikati ya mtu mwingine.

Na anakata sasa hivi, unaposoma mstari huu. Yadi kama hiyo iko umbali wa kutembea kutoka ulipo, unaijua, umeshaipita. Inuka uende. Ingia kwa mlango wa nyuma, wa mbele uache. Uliza mpira wa maji uko wapi. Uliza kila fundi kama amepigwa picha ya kifua, na majibu aliyashika kwa mkono wake au alihadithiwa. Kama umeagiza jiwe jeupe, vunja oda leo, chagua lenye madoadoa, chagua mbao, pikia chini. Nalo jiwe lolote utakalochagua, likatwe kwa maji, maana hakuna vumbi la jiwe lenye huruma. Kama kuna mtu jikoni kwako anatoboa kavu nyuma ya nailoni, usimalizie kusoma. Zima umeme. Mtoe.